Jina la Baba Mkwe

Kuna watu hapa Mwanza bado wanasema Justa wa Kisesa alimroga mumewe. Mimi, Zakia binti Mbaruku, nawaambia waje wayaseme hayo mbele yangu nikiwa na sindano ya baba mkononi. Justa hakumroga mtu. Justa alikuwa na adabu, na adabu hiyo ikamfanyia kitu ambacho uchawi usingekiweza.

Baba yangu alikuwa fundi wa ngozi. Duka letu lilikuwa karibu na soko, chumba kimoja kinachonuka gundi, na humo tulishona viatu, mikoba na mipira. Mpira wa siku zile ulikuwa wa ngozi tupu, una kibofu ndani na kamba mdomoni, na ukilowa mvua unakuwa mzito kama mtungi. Ukutani baba alikuwa amebandika picha aliyoikata gazetini: timu ya Tanganyika, ile iliyochukua Kombe la Gossage miaka mitatu mfululizo, Uganda, Kenya na Unguja wakabaki wanatazamana. Asubuhi akifungua duka aliitolea picha ile shikamoo. Mama yangu, Mwanvua, alisema mumewe anaelekea kubaya.

Lakini hakuwa peke yake. Siku zile ukimuuliza mtu yeye ni nani, atakwambia Msukuma, Mhaya, Mkerewe, Mjita. Sisi wa mjini tuliitwa Waswahili, na aliyetuita hivyo hakuwa anatusifu. Hakuna aliyejiita Mtanganyika. Kabla ya chama chochote kuja kutuambia kwamba sisi ni watu wa nchi moja, wale vijana wa kwenye picha walikuwa wameshatuambia. Kila kijiji kikaunda timu yake. Hata wachunga ng'ombe waligombania nani awe golikipa wa Tanganyika, wakiwa na mpira wa matambara na magoli ya mawe.

Kisesa nao waliunda timu, na mshambuliaji wao wa kati alikuwa Luhaga, mwana wa mzee Shimba. Jina lake la Luhaga halikutoka nje ya boma. Shuleni aliandikwa Luhaga Shimba, na wachezaji wenzake wakachukua la pili, kwa sababu shimba kwa Kisukuma ni simba, na mfungaji mwenye jina kama hilo nani atamwita kwa jingine? Kuanzia Kisesa hadi Mkolani, hadi ng'ambo ya Busisi, ukisema Shimba watu wanajua unamsema nani. Alikuwa na shingo fupi, mguu wa kushoto wenye hasira, na kicheko cha mtu asiyedaiwa. Viatu vyake alivishona baba yangu, na hakumtoza ghali, maana alitaka siku moja vionekane kwenye picha kama ile ya ukutani.

Baba yake hakuwahi kuona mechi hata moja. Walipomwambia kwamba mwanawe anataka kwenda kuichezea Tanganyika, mzee Shimba aliuliza, "Huyo Tanganyika ni mtemi wa wapi?" Kisha akasema kama mtemi mwenyewe analisha vizuri, aende.

Sasa njoo kwa Justa. Alikuwa mke wa Luhaga, mrefu, mwenye mwendo wa taratibu, na alikuwa akituletea maziwa ya mgando dukani kwa kibuyu. Tulikuwa rika moja, tukazoeana. Kwao mke hatamki jina la baba mkwe wake. Hatamki kabisa, wala neno linalofanana nalo. Na jina la baba mkwe wake lilikuwa ndilo lile ambalo jimbo zima lilikuwa likilipigia kelele kila Jumapili! Hata mumewe hakumtaja kwa jina; alimwita Baba Kija, kwa jina la binti yao wa kwanza, kama wanawake wote wenye heshima.

Mimi nilikuwa mchokozi. Nilikuwa namuuliza, "Justa, yule mnyama mwenye manyoya shingoni, anayekula ng'ombe wenu, anaitwa nani?"

Anainamisha uso, anacheka. "Mkubwa wa polini."

"Mkubwa wa porini gani? Tembo?"

"Zakia, niache bwana. Unajua."

Kiwanjani ndiko nilikomwonea huruma. Watu mia kadhaa wanapasua makoo, "Shimba! Shimba!" na mke wa mwenye jina amesimama pembeni, midomo ameibana, anapiga makofi tu. Mume akifunga goli alikuwa anamtafuta kwa macho, na yeye anainua kibuyu cha maziwa juu. Hiyo ndiyo iliyokuwa salamu yao. Niliwahi kumwonea wivu kwa kibuyu kile.

Miaka ikapita, na kombe halikurudi tena Tanganyika. Ndipo watu walipoanza kuipenda zaidi ile timu ya zamani, kama unavyompenda marehemu kuliko walio hai. Kila mwaka wakati wa mashindano ukikaribia, maneno yalikuwa yaleyale: tukipata mfungaji mmoja wa kweli, kombe litarudi. Na sisi wa Jimbo la Ziwa tulikuwa tunamjua huyo mfungaji anakaa wapi.

Siku ilipofika ilikuwa katikati ya wiki, asubuhi. Mwalimu Josephat, aliyekuwa katibu wa mpira hapa kwetu, aliingia dukani anahema. Simu imekuja kutoka Dar es Salaam: mshambuliaji mmoja ameumia, Mwanza ilete mtu wake, na apande treni ya leo jioni. Treni nyingine ingeikuta timu imeshaondoka. Baba yangu aliacha sindano ndani ya ngozi, akasimama, akaitazama picha ya ukutani na machozi yakamtoka palepale.

Kaka yangu Abeid alikuwa anaendesha lori la mfanyabiashara mmoja wa pamba. Alikuwa amelelewa Tabora kwa mjomba, ana wiki chache tu tangu arudi, mpira wa huku haujui. Mwalimu Josephat akamwambia, "Nenda Kisesa, ulizia kwa Shimba, mlete mchezaji. Mimi nakimbilia stesheni kushika nafasi yake." Abeid akaondoka.

Kisesa akauliza kwa Shimba, akaelekezwa. Alipofika bomani akamkuta Justa, akamwambia amekuja kwa ajili ya Shimba. Justa akamwingiza ndani, akamwonyesha mzee amelala kwenye ngozi ya ng'ombe, anatetemeka kwa homa, mgonjwa hasa. Abeid akaamkia, "Shikamoo, mzee Shimba." Akaitikiwa kwa shida. Basi kichwani mwa kaka yangu likakaa hivyo: Shimba ni huyu mzee, na mchezaji ni mwanawe, mwenye jina lake mwenyewe.

Mume hakuwepo. Alikuwa ametoka alfajiri kwenda ng'ambo ya Busisi kwa mganga, kumtafutia baba yake dawa. Abeid alipoeleza habari ya treni, Justa hakuuliza neno la pili. Alimwachia jirani mtoto na mgonjwa, akapanda lorini.

Walirudi hadi mjini, wakapita Mkolani bila kusimama, rejeta inachemka, vumbi mpaka kwenye meno. Njiani Abeid akauliza, "Shemeji, mumeo anaitwa nani, nikimwona nimwite?"

"Baba Kija," alijibu.

Kaka yangu akaridhika. Kwa nini asiridhike? Huko alikolelewa, mtu akikupa jina la mumewe umepewa jina.

Walipofika Kigongo, pantoni ilikuwa imeng'oa. Ilikuwa bado karibu, unaona nyuso za watu, unaona kuku wamefungwa miguu juu ya magunia. Na kule mbele alikuwa Luhaga, amekaa juu ya gunia, mgongo kwao, uso Busisi. Justa alimtambua kwa ile shingo fupi. Akaruka kutoka lorini kabla halijasimama vizuri.

"Baba Kija!" akaita. "Baba Kijaa!"

Abeid naye, kifua cha dereva, "Baba Kija! Wewe Baba Kija!"

Injini ya pantoni ilikuwa inanguruma, lakini sauti ilifika, maana kuna mtu aligeuka. Mwanamume mmoja mwenye kofia ya majani aligeuka, akatabasamu, akapunga mkono kwa furaha. Kija ni jina la watoto wengi Usukumani. Huyo alikuwa baba wa Kija mwingine, anadhani ameagwa na ndugu. Luhaga aliwasikia wakiita Baba Kija, akamwona jirani yake anajibu, akabaki anatazama ng'ambo.

Pantoni nzima ilikuwa inamjua kwa jina lile moja. Lingeitwa mara moja tu, watu wote wangemgeuzia macho na nahodha angezima injini, kwa mtu kama yule wangezima. Abeid hakulijua. Justa alilijua. Aliniambia mwenyewe kwamba alifungua mdomo. Ulimi ulipanda mpaka kwenye meno, ukasema "Shi", ukakwama. Aliliona lile tandiko la ngozi kule Kisesa na mzee juu yake, akaona kwamba akilitamka jina sasa, juu ya maji, mgonjwa akiwa katika hali ile, ndiyo anamwita kaburini. Akaita tena Baba Kija. Akaita mpaka sauti ikakatika, na yule wa kofia akaendelea kupunga.

Pantoni ilirudi jua linakaribia kuzama. Treni ilikuwa imeshaondoka na Kashindye, mshambuliaji wa timu ya mjini, kijana wa kawaida tu. Kule hakucheza hata dakika moja, alikaa benchi mpaka mashindano yakaisha. Lakini alirudi na jezi ya Tanganyika. Akawa anaifua kila Ijumaa na kuianika mbele ya nyumba, upande wa barabarani, hata isipokuwa chafu. Mungu anisamehe, mtu yule nilimchukia.

Luhaga alipoambiwa, hakupiga kelele wala hakumpiga mkewe. Aliuliza swali moja tu. "Uliniita nani?"

"Baba Kija."

Akatikisa kichwa polepole, akaenda kumpa baba yake dawa.

Mzee Shimba aliyasikia yote pale alipolala. Kesho yake akamwita mkwewe, jambo ambalo si kawaida, akamwambia akae mlangoni. "Mwanangu," akasema, "homa ndiyo inayoniua, si jina. Litaje. Mimi mwenyewe nakuruhusu. Litaje nilisikie, ujue halina meno." Justa alijaribu. Alijaribu kwa heshima ya mzee kama alivyokuwa amelinyamazia kwa heshima yake. Jasho lilimtoka, akalia, halikutoka. Mzee akafa kabla ya mavuno, na baada ya kufa jina likawa zito zaidi, maana sasa hakuna wa kutoa ruhusa.

Mtasema ni ujinga. Na mimi nilisema hivyo, siku nyingi. Lakini mtu aliyefundishwa tangu utotoni kwamba pale pana moto, huwezi kumwambia ghafla aweke mkono.

Kuanzia hapo ndipo maisha yao yalipoharibika, taratibu, kama ngozi iliyoachwa juani. Luhaga alianza kusubiri. Alisema simu iliyokuja mara moja itakuja tena, na safari hii itamkuta nyumbani. Hakuvuka tena Busisi. Hakwenda mnadani. Shamba la pamba lililokuwa mbali na barabara aliliacha likaota majani, akalima kipande kidogo karibu na njia, na lori lolote likipunguza mwendo alisimamisha jembe. Asubuhi alikimbia kuzunguka boma. Jioni alipaka viatu vyake mafuta ya ng'ombe. Ng'ombe waliuzwa mmoja mmoja, na Justa akalima, akakamua, akabeba, akazaa, akazika mtoto mmoja, akalima tena.

Na kitu kimoja zaidi, ambacho nilichelewa kukigundua. Luhaga hakumwita tena mkewe Mama Kija. Hakumwita Justa. Kuanzia siku ya pantoni, mke wake hakuwa na jina. "Wewe, lete maji." "Mwambie yule." Nilipomuuliza Justa kama haimuumi, alinijibu, "Ng'ombe haelemewi na nundu yake, Zakia." Halafu akageuka upande wa ukuta, na nikaona mgongo wake unatikisika.

Aliamini kitu kimoja: mumewe akiitwa tena kwenye timu, hata kukaa benchi, hata kubeba ndoo ya maji, atamsamehe. Hakuwa na ombi jingine duniani. Kila mwaka alikwenda kwa Mwalimu Josephat na kuku au kibuyu cha maziwa, akapiga magoti. "Mwalimu, mkumbukeni Baba Kija." Kila mwaka mwalimu alisema ataona. Wachaguzi wa Dar es Salaam walikuwa na vijana wao, na sisi wa ziwani tulikuwa mbali.

Ukaja Uhuru. Desemba ile mji wote ulikuwa na bendera, kijani, nyeusi na dhahabu, na baba yangu mzee alishona mpira mpya bure kwa ajili ya mechi ya sherehe. Likatangazwa kwamba nchi mpya inataka timu mpya, na mechi hiyo itatumika kuchagua vijana wa jimbo. Justa alikwenda kwa Mwalimu Josephat akakaa kizingitini kwake tangu asubuhi, akakataa chakula, akakataa kuondoka, mpaka mwalimu akasema, "Basi! Nitampa kipindi cha kwanza. Mama, inuka, watu wanatazama."

Mimi nilikuwepo kiwanjani. Luhaga aliingia na viatu vyake vya baba yangu, vinang'aa. Kichwani ameanza kutoa mvi. Kelele za watu zilikuwa kubwa, lakini si za kwake; umati ulikuwa wa vijana, na kwao Shimba lilikuwa jina la hadithi za wajomba. Mpira wa kwanza ulimpita. Wa pili aliufikia, akapiga kwa ule mguu wa kushoto, ukaenda pembeni kabisa. Mtu akapiga mluzi. Mwingine akapaza sauti, "Babu, nenda kachunge!" Watu wakacheka, siku ya Uhuru watu hucheka kwa lolote. Nikaona shingo yake inazama mabegani.

Nikamfinya Justa. "Mwite," nikamwambia. "Hakuna anayemwita. Mwite wewe!"

Akainua kibuyu juu, kama zamani. Luhaga alikiona. Akatazama chini, na kabla kipindi hakijaisha akatoka mwenyewe uwanjani, hakusubiri kutolewa.

Haikupita wiki. Justa alikuwa dukani kwetu na maziwa, Abeid akaingia kutoka safari, hajavua hata kofia. "Shemeji," akasema, "nimempita mumeo karibu na Kigongo, anakwenda kwa miguu, ana mzigo mgongoni. Nimesimama nimpe lifti arudi, akakataa. Anasema anakwenda Geita kwenye machimbo, na kwamba kule hakuna mpira." Justa alishusha kibuyu mezani. Kule nyumbani alikuwa amemwacha mumewe amelala; mume hakuaga, hakuacha neno, na viatu, tulikuja kujua baadaye, alikuwa ameviweka juu ya kaburi la baba yake.

Tulipanda lori watatu. Barabara ileile, rejeta nyingine inayochemka vilevile. Mimi nilikuwa nasoma dua zote ninazozijua, na nilikuwa nimemshika Justa mkono, mkono mgumu wa jembe, wa baridi kama maji ya mtungi.

Tulipofika Kigongo, pantoni ilikuwa imeng'oa, ina umbali uleule. Na yeye amekaa mbele, juu ya mzigo wake, mgongo kwetu, uso Busisi.

Abeid alivuta pumzi aite. Justa akamzuia kwa mkono. Akaingia majini na nguo zake, mpaka kiunoni, akasimama. Nilidhani anataka kujizamisha, nikapiga yowe. Hapo ndipo nilipoisikia sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu yeyote, inatoka chini kabisa tumboni:

"Shimba!"

Injini haikuifunika. Pantoni nzima iligeuka: wanawake, wachuuzi, nahodha na kofia yake. "Shimba!" akaita tena. "Shimba! Ni mimi, Justa! Shimba!" Mtu mmoja pale mbele alimgusa Luhaga begani, akamwonyesha ufukweni.

Hakugeuka.

Alikaa vilevile mpaka tukaacha kutofautisha watu na magunia. Abeid aliingia majini kumtoa Justa. Mdomo wake ulikuwa umebaki wazi, kama mtu anayeshangaa kwamba hakufa.

"Hakusikia," nikamwambia. "Ule upepo. Wallahi hakusikia."

Justa alikamua maji kwenye kanga yake, pindo moja baada ya jingine, bila haraka.

"Amesikia," alisema. "Nimeyaona mabega yake. Twendeni, ng'ombe hajakamuliwa."